Fimbo Haikuwapo Msumarini

Asubuhi ile Tupokigwe alinyoosha shingo kutoka jikoni uani, akautazama msumari uliopigiliwa kwenye nguzo ya ngazi. Fimbo haikuwapo. Akatazama tena, maana furaha ya namna hiyo haiaminiki upesi. Msumari ulikuwa mtupu. Basi akaiweka vizuri sufuria ya maharage juu ya mafiga, akazipunguza kuni, akajifuta mikono kwenye kanga, akapanda ngazi mbio kwenda nyumbani kwake.

Nasema nyumbani kwake, ingawa siku hizo ilikuwa karibu kichekesho kupaita hivyo. Palikuwa ni vyumba viwili juu ya ghala la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ghorofa pekee katika Tunduma yote miaka ile ya hamsini mwanzoni. Kampuni ya mabasi ilikuwa imevipanga kwa ajili ya fundi wake, Jairo, mume wa Tupokigwe. Walikuwa watu wa kuja, hawa wawili. Kwao ni milima ya Misuku, upande wa Nyasaland, na Tunduma ilikuwa nchi ya watu: Kiswahili walijifunza kwa kuuliza bei sokoni, na mpaka leo wakichelewa kujibu salamu, mtu atasema, "Ah, hawa ni Wanyasa." Siku Tupokigwe alipoletwa hapa akaoneshwa dirisha na ngazi ya mbao, alicheka mpaka akakaa chini. Mke wa ghorofani! Nani kwao angesadiki?

Sasa ghorofa ile ile ilikuwa inamliza. Ilikuwa na ngazi moja tu na mlango mmoja tu, na ndani yake alikuwa amefikia baba mkwe.

Kwa desturi ya kwao milimani, mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Hamwoni kabisa. Akisikia kikohozi chake njiani huingia kichakani na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Hamsemeshi, hamtaji jina, hali chakula mbele yake, halali naye nyumba moja. Si uadui hata kidogo, ni heshima, na kubwa kuliko zote. Kule kwao si taabu, kwa sababu nyumba ni nyingi, njia ni nyingi, na migomba ya kujifichia ni mingi zaidi. Lakini ghorofani mtu atajificha wapi?

Mzee Mbonile, hilo ndilo jina ambalo Tupokigwe hajapata kulitamka, alikuja kuwasalimu baada ya mavuno akiwa na jogoo na mfuko wa kahawa, akasema atakaa siku chache. Mvua zikawahi, zikabomoa daraja kwenye barabara ya Fort Hill, ndiyo njia ya kwao, malori yakasimama, na mzee naye akasimama. Tupokigwe akahamia chini, kwa jirani yake Anastazia, akatandika mkeka stoo, pembeni ya ghala chini ya vyumba vyao, katikati ya magunia ya chumvi ya Ivuna ambayo Anastazia alikuwa akiuza. Alipika uani, Jairo akapandisha sahani. Alifua uani, Jairo akapandisha nguo. Na ili ajue lini anaweza kuchungulia kwake, akafagie, akabadilishe shuka, walikubaliana alama moja: mzee akiwa juu, fimbo yake itaning'inia msumarini. Akitoka kutembea, ataichukua.

Asubuhi ile fimbo haikuwapo. Yaani mzee ametoka.

Tupokigwe alipita chumba cha mbele bila kutazama mkeka wa mkwe, akalisukuma pazia, akaingia chumba cha nyuma. Kitanda chake hicho hapo, na Jairo alikuwa amekitandika vibaya, kama kawaida yake. Akakikalia. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumcheka, akalala ubavu, akauvuta mto wa Jairo, akaunusa. Grisi, sabuni ya mche, na kile kitu kingine kisicho na jina ambacho ni Jairo mwenyewe. Akaunusa tena. Mungu wangu, alifikiri, mke wa ndoa anaiba harufu ya mumewe!

Ndipo ngazi ikalia, na baada yake kikasikika kikohozi.

Alikijua kikohozi kile: kifupi, halafu kirefu. Alikuwa amekikimbia tangu siku ya harusi yake. Tupokigwe alikaa wima kitandani, kanga akaivuta mpaka kichwani bila hata kufikiri, akatulia. Mlango ukafunguliwa. Miguu ikavuka sakafu. Kiti kikaguna.

Mzee hakuwa ametembea. Alikuwa amekwenda chooni tu, huko nyuma ya ua.

Sasa tazameni alivyokuwa amenaswa. Kutoka ni kupita mbele ya mkwe, jambo lisilosemeka. Dirishani Mhindi aliweka nondo kwa kuogopa wezi. Ukuta wa kati ulikuwa mbao za masanduku ya chai tu, na pazia lilikuwa kitambaa chepesi cha marekani, hata akipiga chafya angesikika. Alikaa akiwa amekusanya magoti, akisikiliza mkwe wake akipiga mruzi wimbo ule ule wa kanisani aliokuwa akiuimba yeye jikoni.

"Tupo!" Sauti ya Anastazia ilipanda kutoka uani. "We Tupo! Maharage yako yanakauka!"

Tupokigwe akauma kanga.

"Tupo, mayo, mama yangu! Uko wapi? Mimi natoka, napeleka chumvi kwa dada yangu Nakonde, njoo utazame moto wako!"

Kiti kiliguna. Mzee alikwenda mpaka mlangoni, akajibu kwa Kiswahili chake cha kupima neno moja moja.

"Mama, huku hayupo. Niko mimi peke yangu."

"Haya baba, samahani baba!" Anastazia alisema, na kapu lake likasikika likiondoka.

Kwa hiyo maharage yakaungua. Hakuna mwanamke asiyeijua harufu ile inavyokuja: kwanza tamu, mtu akadhani ni karanga, halafu chungu, halafu inakaa kwenye nguo. Ilipanda ngazi ikaingia chumba cha mbele, ikapita chini ya pazia. Yalikuwa maharage ya mwisho ya kutoka kwa mama yake milimani, aliyoyaweka kwa ajili ya siku njema. Tupokigwe alilia kimya kimya, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Ilimuuma kwamba kilio chenyewe alilazimika kukimeza.

"Yanaungua," mzee alisema peke yake kule mbele. "Maskini. Ya jana yalikuwa mazuri."

Jua lilikuwa limeshageuka dirishani Jairo aliporudi kula. Tupokigwe alisikia buti zake chini, halafu juu ya kila ngazi mlio mpya, chuma juu ya mbao: ko, ko, ko. Akafumba macho. Alielewa papo hapo.

"Fimbo yako, baba," Jairo alisema kwa furaha. "Niliichukua alfajiri ukiwa usingizini. Nimeitia chuma mwishoni, maana njia ina matope."

"Ndiyo maana nimeitafuta asubuhi yote! Ndaga, mwanangu, asante. Umefanya kazi nzuri." Fimbo ikagongwa sakafuni kwa kujaribiwa. "Njia? Kwani daraja limepona?"

"Limepona. Lori la kwanza la Fort Hill linaondoka kesho asubuhi. Nimekuwekea nafasi mbele, kwa dereva."

Nyuma ya pazia Tupokigwe aliachia pumzi. Kesho! Kesho angelala kitandani hapa, na mkono wa Jairo ungekuwa juu ya kiuno chake, na fimbo na misumari yote ya dunia vingekwenda zao. Hata maharage aliyasamehe.

"Kaa chini, Jairo," mzee alisema. "Nina neno."

"Sema, baba."

"Nimekaa hapa kuliko mgeni anavyotakiwa kukaa. Kila siku nimekula chakula cha mkamwana, na kila siku nimemnyima nyumba yake. Unajua analala wapi?"

"Kwa Anastazia."

"Stoo! Katikati ya chumvi ya watu. Mke wa mwanangu! Kwetu wakisikia kwamba nilikuja nikamtoa mkamwana kitandani, nitajificha wapi uso? Hii si nyumba. Nyumba gani njia ya kuingilia ndiyo hiyo hiyo ya kutokea? Hata panya hachimbi hivyo."

"Ndivyo walivyojenga, baba."

"Basi wakae wao. Mimi nimefikiri sana, na huku nimekaa sina kazi nyingine ila kufikiri. Kesho mkamwana aondoke nami. Mimi nitakaa mbele, yeye nyuma na akina mama, hatutaonana. Mama yako amechoka, kahawa inataka mikono. Atapata nyumba yake, ua wake, njia yake ya kisimani. Wewe utakuja likizo."

"Likizo ni mara moja kwa mwaka, baba."

"Wako waliokwenda migodini Rodeshia, hawaji hata hiyo mara moja. Wake zao wamekufa? Hawajafa. Wanalima."

Tupokigwe alijikuta amesimama katikati ya chumba, mikono miwili kifuani, akilitazama pazia. Alimjua mumewe. Alimjua alivyobishana na mama yake mzazi siku tatu nzima ili mkewe asiachwe milimani kama wanawake wengine. Alimjua alivyomwambia padri kwamba mke si mzigo wa kuachwa stesheni. Sema, Jairo, aliomba. Neno moja tu, dogo tu.

"Ndiyo, baba," Jairo alisema.

Jamani! Iko "ndiyo" ya kukubali na iko "ndiyo" ya kuchoka, na mtu wa pembeni angeweza kuitambua hii ilikuwa ipi. Lakini Tupokigwe hakuwa mtu wa pembeni. Hasira aliyoimeza tangu asubuhi, na pengine tangu mvua za kwanza, ikapanda. Aliisogelea ile mbao ya sanduku la chai, akaiwekea kiganja.

"Wewe ukuta," alisema.

Upande wa pili kiti kiliguna kwa nguvu, kisha hakikusikika tena.

"Wewe ukuta, mwambie mtu anayeitwa Jairo kwamba nimesikia."

"Tupo?" Sauti ya Jairo ilipasuka. "Uko humo? Tangu lini?"

"Ukuta, mwambie nimo humu tangu asubuhi, kwa kuwa aliiondoa fimbo msumarini bila kuniambia."

"Mungu wangu. Fimbo!"

"Mwambie maharage ya mama yangu yameungua nikiyanusa. Na hiyo si kitu. Nilikuwa nimeshamsamehe."

Hatua mbili zikaja mpaka kwenye pazia. Vidole vya Jairo, vyeusi kwa grisi, vilionekana pembeni mwa kitambaa.

"Usifungue!" Tupokigwe alipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Ukuta, mwambie asifungue. Baba mkwe simwoni, simsemeshi, nikimsikia nakimbia, na sijanung'unika siku hata moja, kwa kuwa ni heshima yake na ni heshima yangu. Lakini huyu Jairo nilimwona kwa macho yangu nikamkubali kwa kinywa changu. Nikawaacha watu wangu, nikaja nchi ya watu, nikajifunza kusema lugha ya watu. Leo anakubali nimwone mara moja kwa mwaka! Basi na yeye amekuwa mkwe. Kuanzia sasa nitamkwepa na yeye. Nikimsikia njiani nitaingia kichakani. Na jina lake, hili nililolitaja sasa, ndiyo mara ya mwisho."

"Tupo, usiseme hivyo."

"Nani huyo anaita? Mimi simjui."

"Unadhani mimi ni jiwe?" Jairo aliisahau sauti ya adabu. "Natoka gereji kila siku nakukuta kwenye pipa la maji, watu wote wa ua wanatutazama. Nakupa ndoo, unanipa sahani. Hiyo ndiyo ndoa yangu! Nikilala usiku nakusikia chini ukigeuka kwenye ule mkeka, sakafu hii inapitisha kila kitu. Nimechoka, Tupo. Nimechoka mpaka nikasema basi, hata akienda, angalau atalala kitandani kama mtu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza wapi? Kwenye pipa?"

"Hapo hapo kwenye pipa! Mbele ya hao hao watu! Ningekujibu mbele yao kwamba afadhali nilale juu ya chumvi ya Anastazia nikikusikia ukikohoa juu ya kichwa changu, kuliko kitanda cha nyumba nzuri milimani na wewe uko ng'ambo huku. Hilo ndilo ningesema. Lakini hukuuliza."

Alikuwa ameacha kumwambia ukuta. Alipogundua hivyo, mkono ulimwenda mdomoni. Yote haya yamesemwa mbele ya mkwe! Mambo ya kitanda na mkeka, mbele ya mtu ambaye hakupaswa hata kuisikia sauti yake! Akaketi chini sakafuni, kanga kichwani, akingoja aibu ije imchukue.

Kule mbele mzee alikohoa. Kifupi, kirefu.

"Jairo. Nipe koti langu."

"Baba, kuna joto."

"Nipe koti."

Koti likasikika likitolewa kwenye kiti. Fimbo ikagonga mara chache kuelekea kona ya mbali, ile iliyo na debe la mafuta ya taa. Halafu ikaja sauti ya mzee, imezibwa na nguo.

"Wewe ukuta," ilisema.

Tupokigwe aliinua kichwa.

"Wewe ukuta, mimi nimezeeka. Masikio yangu hayafai, maneno ya mtu na mke wake hayaingii. Lakini pua bado nzima. Mwambie mwenye nyumba kwamba nimejifunika, na uso nimeuelekeza konani. Apite salama akaitazame sufuria yake."

Kwa desturi yao ni mwanamke anayejifunika. Ni mwanamke anayeacha njia. Hakuna aliyewahi kusikia, si Misuku wala bonde lote la Songwe, mzee mzima akijitia koti kichwani ili mkamwana apite. Na "mwenye nyumba"! Hata Jairo hakuwahi kumwita hivyo.

Pazia lilipofunguka Jairo alisogea pembeni, macho mekundu. Tupokigwe hakumtazama. Alipita akiwa ameinama, kanga imeziba uso, akihesabu mbao za sakafu kwa miguu. Lakini macho ya binadamu hayana kufuli. Alipofika mlangoni yalimponyoka mara moja tu. Akaona mgongo mdogo, mdogo kuliko alivyoufikiria miaka yote hiyo ya kuukimbia, na koti la kijeshi kuukuu juu ya kichwa, na mkono mmoja umelishika koti lisianguke. Kidole cha mwisho cha mkono ule kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Cha Jairo nacho kimepinda vile vile. Akashuka ngazi haraka kabla moyo wake haujafanya jambo jingine.

Sufuria ilikuwa mkaa mtupu. Anastazia, aliyekuwa amerudi kutoka Nakonde na kapu lake tupu, alikuwa ameiinamia mikono kiunoni.

"Mayo! Ulikuwa wapi wewe? Nimekuita mpaka sauti imekauka!"

"Nilikuwa kwangu," Tupokigwe alisema.

"Kwako juu? Na mzee yuko juu?"

"Naye alikuwepo."

Anastazia alitazama juu ngazini. Alikuwa Mnamwanga, mwenyeji wa hapo hapo, desturi za wenzake hawa zilikuwa zikimchanganya, lakini machozi aliyajua. "Wamekufanya nini, mdogo wangu?"

"Walitaka kunipeleka kwetu. Kesho. Mume wangu amesema ndiyo."

"Na wewe umesemaje?"

Kabla hajajibu, ngazi ililia tena. Ko, ko, ko. Tupokigwe aligeuka upesi, akapiga goti nyuma ya rundo la kuni, mgongo kwa ngazi. Wapagazi wa Mhindi waliokuwa wakipakua magunia walitua mizigo mmoja mmoja. Mzee Mbonile alikuwa anashuka na koti lake kichwani, mkeka kwapani, na Jairo amemshika mkono kwa sababu hakuona anakokanyaga.

"Mama Anastazia," mzee alisema alipofika chini, "ile stoo yako ya chumvi. Naomba nilale mimi leo."

"Stoo, baba? Wewe?"

"Mgongo wangu umezoea udongo. Hiyo ghorofa inanitia kizunguzungu." Kisha akagonga nguzo ya ngazi kwa fimbo, kwa upole. "Wewe nguzo. Mwambie mkamwana kwamba lori la kesho nimelipata mimi peke yangu. Huko nyuma kumejaa mizigo, hakuna nafasi. Mwambie pia kwamba mama yake Jairo nitajua la kumwambia. Siku nyingine nitakuja kiangazi, njia ikiwa kavu, na nitafikia kwa jirani."

Nyuma ya kuni Tupokigwe aliinama mpaka paji la uso likagusa udongo, ndivyo mkamwana anavyoshukuru. Mzee hakuona, maana alikuwa amejifunika, lakini nadhani alijua.

Fimbo iliingia stoo naye. Msumari ulibaki mtupu, na safari hii ulikuwa unasema kweli. Hata hivyo Tupokigwe aliutazama kwa muda, akiwa hauamini kabisa, kabla hajapanda. Alipita chumba cha mbele kilichokuwa wazi, akaingia cha nyuma, akaliacha pazia lishuke nyuma yake. Alikuwa bado na hasira. Mzee alikuwa amefanya yake, lakini ile "ndiyo, baba" haikutoka kinywani mwa mzee.

Buti zilipanda taratibu. Zilifika mpaka kwenye pazia, zikasimama.

"Tupo?"

Tupokigwe akaisogelea mbao.

Jairo alihema. Kisha akasikika akiegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Wewe ukuta," alisema, sauti imeshuka. "Mwambie mke wangu nimekosa. Ile ndiyo haikuwa yangu peke yangu, niligawa kitu cha watu wawili. Mwambie niliogopa. Kumwambia baba hapana sikuwahi kufundishwa. Mwambie jina langu alitaje tena, hata kwa matusi."

Tupokigwe alikuwa amesimama upande wake, karibu kabisa, kiasi cha kuisikia harufu ya grisi. Mbao ile ilikuwa nyembamba. Angeunyoosha mkono kidogo tu angelifikia pazia, na mwili wake wote ulikuwa unataka afanye hivyo, na ndiyo maana aliifunga mikono nyuma.

"Ukuta," alisema hatimaye, "mwambie huyo mtu kuna sufuria uani. Akaisugue kwanza."

"Mimi? Uani? Kwenye pipa?"

"Hapo hapo kwenye pipa."

"Tupo, watu wa gereji ndio wanarudi kutoka kula sasa hivi."

"Ndiyo saa nzuri."

Halafu buti zikashuka.

Tupokigwe alikwenda dirishani, akashika nondo mbili. Chini, fundi wa kampuni ya mabasi alikuwa amechuchumaa kwenye pipa la maji na ovaroli lake, sufuria katikati ya magoti, mchanga na majivu mkononi, akisugua. Wenzake wa gereji walipita, mmoja akauliza jambo, Anastazia akacheka kwa sauti. Jairo hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo, na fimbo yenye chuma kipya ilichungulia hapo, imetulia, kana kwamba mwenyewe anasikiliza.

Alimwacha asugue mpaka chini kabisa, mpaka bati likaonekana. Ndipo alipolivua lile pazia la marekani kwenye kamba yake, akalikunja, akaenda kutandika kitanda upya.